Kitelezi cha Gitaa: Uteuzi kwa Misingi ya Nyenzo, Uzito na Sauti

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Hata hivyo, yapo mambo ambayo asiyechagua ndiye apataye koroma, na kitelezi cha gitaa ni mojawapo. Makala haya yanadhamiria kumwelekeza mwanafunzi wa muziki katika uteuzi wake.

Kitelezi ni mrija mfupi unaovaliwa kidoleni na kutelezeshwa juu ya nyuzi bila kuzigandamiza hadi kwenye ubao. Kwa kuwa sauti haikatizwi na vigawanyo vya shingo ya gitaa, hupanda na kushuka mithili ya sauti ya mwimbaji. Mbinu hii ilishamiri miongoni mwa Wamarekani Weusi wa Kusini mwa Marekani. Mwanamuziki W. C. Handy, katika tawasifu yake ya mwaka 1941, anasimulia alivyomsikia mtu akitelezesha kisu juu ya nyuzi katika stesheni ya gari moshi ya Tutwiler, Mississippi, mwanzoni mwa karne ya 20. Wengine walitumia shingo za chupa.

Tukianza na nyenzo, kioo kina uso laini, hivyo mlio wake ni mwororo. Chuma cha pua hutoa mlio mkali na angavu. Shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, hutoa mlio mzito wenye mkwaruzo kidogo, hasa uso wake unapochakaa. Ikumbukwe kuwa bei si kigezo: Duane Allman (1946-1971) alijipatia sifa akitumia kichupa kitupu cha dawa ya mafua.

Mintarafu ya uzito, sentimita moja ya ujazo ya kioo cha kawaida ina takriban gramu 2.5, ilhali ya shaba nyeupe ina takriban gramu 8.5. Kwa hiyo, vitelezi viwili vya umbo moja hutofautiana uzito zaidi ya mara tatu. Kitelezi kizito hakitikisiki upesi pamoja na uzi, basi mlio hudumu. Lakini nyuzi zikiwa nyembamba au zikikaribia mno ubao, uzito huo huzididimiza hadi zikagonga vigawanyo. Hapa ndipo wanagenzi wengi hukata tamaa, wakilaumu vidole vyao ilhali kosa ni la chombo. Mwenye gitaa la umeme lenye nyuzi nyembamba na aanze na kioo. Mwenye gitaa lisilo la umeme lenye nyuzi nene na zilizoinuka anaweza kujaribu shaba nyeupe.

Fauka ya hayo, kitelezi sharti kikae vyema kidoleni. Kivae, kisha uelekeze mkono chini: kisianguke, wala kisibane hadi kidole kife ganzi. Ukikata chupa mwenyewe, sugua kingo zake hadi ziishe makali.

Kwa muhtasari, kitelezi bora si kile kizito wala cha ghali, bali kile kinachoafikiana na nyuzi, kidole na sauti aitakayo mpigaji.

Zoezi: Weka kitelezi juu kabisa ya kigawanyo cha 12, si nyuma yake, huku kidole cha nyuma kikigusa nyuzi kidogo ili kuzima kelele. Linganisha mlio huo na wa uzi ulio wazi. Je, zinaafikiana?