Amri ya nani? Juu ya arete, dekre na ordonansi

Mama mmoja jirani, muuza samaki, aliniletea karatasi ya Kifaransa juu ya kodi ya meza sokoni. «Mwanangu, wewe unasoma mambo ya lugha, nielezee.» Ilikuwa arete. Nikamwambia: ni amri. Akauliza: «Amri ya nani?» Nikakwama.

Katika Katiba ya 2006, Rais hutoa ordonansi (kifungu cha 79), Waziri Mkuu dekre (92), waziri arete (93). Kiswahili chetu huziita zote amri, mara nyingine sheria. Hasara yake si ya kamusi tu. Arete iko chini ya sheria, na ikiivunja mtu anaweza kuomba mahakama ya utawala iifute. Anayeiona kuwa sheria hulipa na kunyamaza.

Tusome pia kifungu cha 142. Sheria huanza kutumika siku 30 baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa yenyewe iseme vingine. Serikali nayo inapaswa kuieneza kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu Rais aitie sahihi. Basi sheria inaweza kumbana mtu kabla hajaisoma kwa lugha yake! Na arete, ile inayofika mezani kwa mama, kifungu hakiitaji.

Mwalimu wetu mmoja anapendelea «agizo la waziri». Mimi ningeacha arete ibaki arete: ndilo neno lililo juu ya karatasi, na mama atalitambua.

Siku ile nilimwonyesha mahali pa sahihi, tukasoma pamoja cheo kilichoandikwa chini yake.