Kituo cha hali ya hewa kikikupa namba za ajabu: anza na mipangilio

Ninahudumia vituo vidogo vya kupima hali ya hewa kuanzia Mombo hadi pembezoni mwa msitu wa Magamba. Kila kimoja kina vihisi vya mvua, joto na kanieneo ya hewa, paneli ya sola, betri na laini ya simu. Wakulima wa viazi na kabichi hutazama namba hizo kabla ya kupiga dawa. Namba mbovu huwamalizia dawa bure.

Kwanza, kila kituo kiwe na faili lake la mipangilio ndani ya Git, programu inayotunza kila badiliko la faili: mwinuko, saa, toleo la programu, kiasi cha mvua kwa kila pigo la kikombe cha kipimio (changu ni milimita 0.2). Marufuku kubadili kitu kwenye kifaa chenyewe. Badilisha faili, mwenzako alipitie, kisha lipeleke kituo kimoja kabla ya vingine. Kila kifaa kitume, pamoja na data, alama inayokokotolewa kutoka kwenye faili lake. Herufi moja ikibadilika, alama nayo hubadilika, na seva itajua mara moja.

Saa ndiyo husumbua zaidi. Vifaa vyote viende kwa UTC, saa ya kimataifa; seva ndiyo iongeze saa tatu ili kupata saa za kwetu. Mvua ya siku kwetu husomwa saa tatu asubuhi. Kituo kikianza kuhesabu usiku wa manane, mvua ya jioni na ya alfajiri, ambazo daftari la mvua huzijumlisha pamoja, zitaangukia siku mbili.

Mipangilio ikishajulikana, ndipo unaweza kusaka hitilafu, na kihisi ninachokiamini kuliko vyote ni cha kanieneo. Lushoto mjini, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kanieneo huwa karibu hektopaskali 860. Mombo, chini ya mlima, huzidi 950. Vifaa viwili vikibadilishana mafaili, kanieneo itavifichua siku hiyohiyo. Tena, katika ukanda wetu wa tropiki hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: kilele karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, kina karibu saa kumi mchana na saa kumi alfajiri. Kilele kikionekana saa saba, saa tatu zimeongezwa mara mbili. Nenda kasome mipangilio, usipande mlima.

Mvua haina uaminifu huo. Bonde moja hulowa, la pili likabaki kavu, basi usitangaze hitilafu kwa siku moja. Ila sifuri ikiendelea wakati majirani wa mwinuko uleule wananyeshewa, huenda majani yameziba mdomo wa kipimio.

Betri nayo ipewe kiwango chake cha tahadhari kila mahali. Miezi ya Juni hadi Agosti ukungu hukaa Magamba hata mchana. Kiwango cha Mombo kikitumika huko, kingepiga kelele kila usiku, na watu wangeacha kuzisikiliza.

Namba yenye shaka usiifute. Iwekee alama ya shaka, ihifadhi ilivyokuja, na kwenye ukurasa wa wakulima acha nafasi wazi hadi mtu afike kituoni.