Koti la Mvua kwa Mwendesha Baiskeli

Sisi wanafunzi wa kutwa tutokao Mwabungo twaijua masika. Mwezi wa Mei mwaka jana nilifika shuleni nimelowa chapachapa, meno yakigongana, daftari la insha limekuwa uji. Na koti nilivaa, tena zito! Kosa langu lilikuwa lipi?

Lilikuwa la pamba. Pamba hunywa maji, na upepo wa kusi ukiyakausha, maji hayo huondoka na joto la mwili. Ndiyo maana hata Pwani mtu hutetemeka.

Basi chagua hivi:

Kwanza, tafuta nailoni nyepesi. Ukiwa kwenye mitumba ya Ukunda, dondosha maji juu yake. Yakiteleza, nunua, yakinywewa, rudisha. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Pili, geuza koti utazame mishono. Isipozibwa kwa utepe, maji hupenya kwenye matundu ya sindano.

Tatu, mgongo uwe mrefu, kwani gurudumu la nyuma hurusha tope.

Nne, pawe na zipu mbele na matundu kwapani, la sivyo utalowa kwa jasho.

Tano, rangi iwe kali. Barabara ya Lunga Lunga ina malori.

Tarehe 5 Juni 1988, theluji iliwakuta washindani wa Giro d'Italia mlimani Gavia. Andy Hampsten wa Marekani, aliyeandaliwa mavazi ya baridi na timu yake, alishika uongozi siku hiyo, na mwishowe akashinda mashindano yote. Wahenga hawakukosea: tahadhari kabla ya athari.