Sampuli Isiyo na Maelezo, Ajali Isiyosemwa
Kijitabu cha elimu kwa umma kuhusu usalama katika maabara za mifugo, Bukoba na Muleba

Maana ya usalama wa maabara

Usalama wa kibayolojia ni jumla ya taratibu, vifaa na majengo yanayozuia kimelea kutoka kwenye sampuli na kumwingia mtu, mnyama au mazingira. Maabara ya mifugo hupokea vitu ambavyo mfugaji hatamani vikae kwake hata saa moja: damu ya ng'ombe aliyekufa ghafla, ndama aliyetupwa kabla ya miezi kutimia, kichwa cha mbwa aliyeng'ata watoto. Kila kimoja kinaweza kubeba ugonjwa unaompata binadamu pia, kama vile kimeta, brusela au kichaa cha mbwa.

Kwa sababu hiyo maabara hupangwa katika ngazi nne za usalama. Ngazi ya 1 hushughulikia vimelea visivyodhuru watu wenye afya njema. Ngazi ya 4 ni ya vile vinavyoua na visivyo na tiba ya uhakika, mfano virusi vya Marburg. Sampuli hupelekwa kwenye ngazi inayostahili kulingana na maelezo yaliyoandikwa juu yake. Maelezo yakikosekana, hatari ya ngazi ya juu hufunguliwa juu ya meza ya ngazi ya chini.

Yapo maneno mitaani kwamba maabara ndizo zinazotengeneza magonjwa. Maneno hayo si ya kweli. Kimelea hutoka porini, zizini na machinjioni, na kazi ya maabara ni kukitambua. Hata hivyo, maabara inayopuuza taratibu inaweza kukirudisha kwa watu, na imewahi kutokea.

Mafunzo ya miaka iliyopita

Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia, waliugua homa kali iliyofuatiwa na kutoka damu. Walikuwa wamegusa damu na viungo vya tumbili walioletwa kutoka Uganda kwa ajili ya utafiti na utengenezaji wa chanjo. Hakuna aliyejua tumbili hao wamebeba nini. Watu 31 waliugua, 7 wakafariki, na ugonjwa ukapewa jina la mji wa Marburg.

Miaka 56 baadaye ugonjwa huohuo ulibisha hodi mkoani Kagera. Mlipuko ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023 katika Wilaya ya Bukoba Vijijini. Wagonjwa walikuwa 9, wakihesabiwa pamoja na mmoja ambaye hakuthibitishwa kwa kipimo, na watu 6 walifariki. Wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha: siku 73 tu, bila ugonjwa kusambaa nchini. Hayo ni mafanikio ya kujivunia, na kazi kama hiyo hutegemea wananchi kusema mapema nani anaumwa na nani alimhudumia. Mwezi Januari 2025 ugonjwa ulirudi mkoani, safari hii Biharamulo, na maabara inayohamishika ya Kabaile, iliyoko Kagera, ikahusika kuutambua.

Mwaka 2019, mjini Lanzhou, China, kiwanda cha chanjo ya mifugo kilitumia dawa ya kuua vijidudu iliyopitwa na muda wake. Bakteria wa brusela walitoka na hewa chafu ya kiwanda. Watu zaidi ya 10,000 walikutwa na dalili za maambukizi katika damu. Kilichokosekana ni mtu wa kusoma tarehe kwenye chupa na kusema.

Sampuli kabla ya kufika maabara

Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ulianzishwa mwaka 2012. Maabara yake kuu iko Temeke, Dar es Salaam, na kituo cha Kanda ya Ziwa kiko Mwanza. Sampuli ya Nshamba au Kamachumu, wilayani Muleba, basi, ina safari ndefu, na hupita katika mikono ya watu wasio na glavu wala mafunzo.

Sampuli hufungwa kwa tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni kichupa chenye kifuniko kinachokaza. La pili ni chombo kisichovuja, ndani yake pamba ya kunyonya majimaji endapo kichupa kitapasuka. La tatu ni kasha gumu la nje. Fomu ya maelezo hukaa nje ya tabaka la pili, ndani ya mfuko wa nailoni, ili isomeke kabla ya chochote kufunguliwa. Fomu hutaja aina ya mnyama, kijiji, tarehe, dalili zilizoonekana na, muhimu kuliko yote, ugonjwa unaoshukiwa.

Kichupa kilichofungwa katika mfuko wa plastiki na kuwekwa chini ya kiti cha basi, kati ya mkungu wa ndizi na begi la abiria, kinahatarisha basi zima.

ONYO: Sampuli isiyo na maelezo ni hatari kuliko sampuli yenye ugonjwa unaojulikana.

Mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla, akavimba haraka na kutokwa damu isiyoganda puani au nyuma, haupasuliwi. Dalili hizo ni za kimeta. Mzoga ukipasuliwa, bakteria hukutana na hewa na kujigeuza mbegu ngumu zinazoweza kudumu ardhini kwa makumi ya miaka. Daktari wa mifugo huchukua damu kidogo kwenye mshipa wa sikio, huipaka juu ya kioo, kisha huziba tundu kwa pamba yenye dawa. Hiyo inatosha. Mzoga huchomwa au hufukiwa kwa maelekezo ya afisa mifugo. Hauuzwi, haugawanywi kwa majirani na haulishwi mbwa.

ONYO: Mzoga unaoshukiwa kuwa na kimeta haupasuliwi, hata kwa ajili ya kuchukua sampuli.

Anayeruhusiwa kuchukua sampuli

Kazi hii ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, au mtaalamu msaidizi anayetambuliwa kisheria. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inataka magonjwa yaliyoorodheshwa yatolewe taarifa. Mfugaji huanzia kwa afisa mifugo wa kata.

Ndani ya maabara

Mlango wa maabara huwa umefungwa na wageni hawaingii ovyo. Chakula, maji ya kunywa na simu hubaki nje. Koti la maabara halivaliwi kwenda mgahawani. Majimaji hayavutwi kwa mdomo. Hutumika pipeti yenye kivutio. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko, bali hutumbukizwa ilivyo kwenye kisanduku cha vifaa vyenye ncha kali.

Brusela inahitaji uangalifu wa pekee kwa kuwa huingia kwa njia ya pumzi. Bakteria kati ya 10 na 100 wanatosha kumwambukiza mtu. Kufungua kichupa kwa nguvu, kutikisa au kuzungusha sampuli kwenye mashine hurusha vitone visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo kondo la nyuma na mimba iliyotupwa hufunguliwa ndani ya kabati la usalama, ambalo huvuta hewa na kuichuja. Kichupa kikipasuka ndani ya mashine, mfuniko haufunguliwi kwa dakika 30 ili vitone vitue. Hata chanjo ya brusela ya mitamba ina bakteria hai, na anayejichoma nayo anaweza kuugua.

Dawa ya klorini ya asilimia 0.5 hupatikana kwa kuchanganya kipimo kimoja cha Jiki ya asilimia 3.5 na vipimo sita vya maji. Huchanganywa upya kila siku, na tarehe huandikwa kwenye chombo. Uchafu mwingi wa damu au kinyesi huipunguza nguvu, hivyo uchafu huondolewa kwanza.

Taka zenye vimelea hupitishwa kwenye otoklevu, kwa mvuke wa nyuzi 121 za Selsiasi kwa angalau dakika 15, kabla ya kutoka jengoni. Sampuli za zamani kwenye majokofu huhesabiwa na kuorodheshwa. Ugonjwa wa sotoka, ulioangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890, ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na masalia ya virusi vyake yanatakiwa kuwa katika maabara chache zilizoidhinishwa. Kichupa kimoja kisicho na jina, kilichosahauliwa nyuma ya jokofu, kinatosha kuharibu kazi ya karne nzima.

Ajali inapotokea

Hapa ndipo wengi hushindwa. Mtaalamu huchomwa na sindano, huangalia huku na huko, hufuta tone la damu na kuendelea na kazi. Huogopa kuonekana mzembe. Wiki kadhaa baadaye anapata homa za vipindi, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Kwa kuwa Kagera ina malaria, hutibiwa malaria. Brusela huendelea kumla ndani kwa ndani.

Utaratibu ni mfupi. Kazi husimamishwa. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, bila kulikamua. Jicho lililorukiwa huoshwa kwa maji safi. Kilichomwagika hufunikwa kwa karatasi au kitambaa cha kunyonya, dawa humiminwa kutoka pembeni kuelekea katikati, na huachwa dakika 30. Kisha msimamizi huarifiwa siku hiyohiyo, na tukio huandikwa kwenye daftari la ajali.

Taarifa ya mapema huokoa. Aliyekutana na brusela hupewa dawa za kinga kwa wiki tatu na hufuatiliwa hadi wiki 24. Aliyekutana na Marburg hufuatiliwa kwa siku 21. Aliyeguswa na mate ya mnyama mwenye kichaa kwenye jeraha, jicho au mdomo huchanjwa kabla ya dalili. Zikishaonekana, tiba huwa imechelewa.

Msimamizi anayemwadhibu aliyetoa taarifa ya ajali anawafundisha wengine kunyamaza. Daftari la ajali ambalo ni tupu mwaka mzima hukaguliwa kwanza.

ONYO: Ajali iliyofichwa haibaki maabara. Huenda nyumbani na aliyeificha.

Mwananchi aliyegusa mzoga, mimba iliyotupwa au sampuli iliyovuja, kisha akapata homa, humweleza mganga alichogusa hata kabla ya kuulizwa. Namba ya Wizara ya Afya, 199, hupigwa bila malipo.