Rebeka Aliulizwa

Somo kwa walimu wa vijana: Mwanzo 24:1-61

Vijana wa kiume wa hapa Kanyenye wametuletea neno ambalo hatuna budi kulijibu, nasi twapenda mlitafakari kabla ya kukutana na madarasa yenu. Wamesikia katika simu zao mafundisho ya watu wajisifuo kwamba waijua njia ya mwanamke, kama mrina asali aijuavyo njia ya nyuki. Watu hao hunena hivi: wanaume wamepangwa kwa ngazi, wa juu huitwa alfa na wa chini huitwa beta, na kila mwanamke hutazama juu tu, hata akimpata mume humwacha mara amwonapo aliye juu zaidi. Basi, wasema, uijuapo ngazi, umekwisha kujua atakalotenda. (Jina hilo Alfa sisi twalijua kwa Mwingine, wala hakujipandisha ngazini.) Kijana mmoja wa kwaya alituuliza kwa uchungu kama neno hili ni kweli, maana yeye huuza mkaa kwa baiskeli.

Tusiwacheke vijana. Wazee nao wanazo kanuni zao: binti akinyamaza, amekubali, akikataa, aona haya tu, akilia, ndiyo desturi. Kanuni za wazee ni za kale na za vijana ni mpya, lakini zote humtazama mwanamke kwa nje, zikajifanya zimekwisha kuisikia sauti yake.

Na hiyo ngazi ilitoka wapi? Yalianza mambo ya kuku. Mwenye elimu mmoja wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, katika miaka ya 1920 aliandika jinsi kuku wadonoanavyo kwa utaratibu, huyu akimdonoa yule, na yule akimdonoa wa chini yake. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel akaandika habari za mbwa-mwitu aliowatazama wamefungwa katika bustani ya wanyama ya Basel, wakigombania ukubwa. Kisha L. David Mech akalieneza jina la alfa kwa kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyo huyo, alipokwisha kuwatazama mbwa-mwitu walio huru porini, aliandika mwaka 1999 kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na hao waitwao wakubwa ni wazazi tu. Waliogombania ukubwa walikuwa wageni waliotiwa katika ua mmoja. Vijana wetu wafundishwa mambo ya ndoa kwa mfano wa wanyama wafungwa.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Mwaka 1989 David Buss alitangaza maswali yaliyoulizwa kwa vikundi 37 vya watu katika nchi 33, Zambia ikiwamo. Ni kweli ya kuwa wanawake, kuliko wanaume, waliangalia kama mwenzi ataweza kupata riziki. Lakini wanawake na wanaume pia waliweka wema na akili mbele ya mali. Tena mwaka 1999 Alice Eagly na Wendy Wood waliyapima majibu yale upya, wakaona ya kuwa mahali ambapo wanawake wana sehemu kubwa zaidi katika kazi na mamlaka, tofauti hiyo hupungua. Mtu asiye na shamba lake mwenyewe huuliza habari za shamba la mwenziwe, nani atamlaumu?

Wanyamwezi wenyewe wangeweza kuwafundisha wataalamu hao. Zamani kwao kulikuwa na ndoa ya kukwa, yaani ya kutoa mahari, na ndoa ya butende, isiyo na mahari, ambayo watoto wake walihesabiwa kwa jamaa ya mama. Mke wa kukwa aliyetaka kuondoka, jamaa zake walidaiwa mahari irudishwe. Mtu wa nje angemwona amekaa akasema, Tazama uvumilivu wa mwanamke. Huenda alikuwa akitazama deni la kaka zake.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mwingine. Mwaka 1872 Daktari Livingstone alikaa Kwihara, karibu nasi, akingoja wapagazi kutoka pwani. Katika watu wake alikuwamo mwanamke jina lake Ntaoeka, asiye na mume. Daktari hakupenda mwanamke mzuri wa sura akae hivyo katika kundi, akamshauri aolewe na mmoja wa watumishi wake watatu, Chuma, Gardner au Mabruki. Ntaoeka akatabasamu tu. Daktari akaandika sababu alizozidhani mwenyewe: Chuma ni mvivu mno, na wale wawili sura zao hazipendezi. Chuma akajitetea ya kuwa alikuwa mvivu kwa sababu hana mke, akaahidi kugeuka. Baadaye mambo yakatukia hata wanawake wengine wakataka Ntaoeka aolewe. Daktari akasema naye mara ya pili, naye akakubali. Tangu hapo Daktari aliisifu bidii yake: wa kwanza kuamka katika baridi, kuwasha moto, kutwanga, kuteka maji, kufagia, kupika.

Sasa mpeni habari hii mwenye kanuni ya ngazi. Atasema: Mwaona? Chuma aliahidi kupanda, ndipo akapendwa. Mpeni mzee naye atasema: Lile tabasamu lilikuwa haya tu. Mtu wa tatu atasema: Mwanamke aliye mbali na kwao, akisukumwa na wenzake, akiulizwa mara mbili na bwana wa kambi, angekataaje? Habari ni moja, nayo yawatosha wote watatu kama kanzu pana. Kanuni iwezayo kueleza kila jambo likiisha kutukia haijatabiri lolote. Na katika habari hiyo twaona tabasamu la Ntaoeka na kukubali kwake. Maneno yake hatuyasikii.

Kwa hiyo someni polepole sura hii ya Rebeka. Mtumishi wa Ibrahimu naye aliweka dalili pale kisimani: msichana atakayejitolea kuwanywesha na ngamia pia. Dalili hiyo ilimwonyesha wa kumwendea, haikumjibia. Kabla hajasafiri, Ibrahimu alimwambia wazi ya kuwa mwanamke asipotaka kuja, yeye amefunguliwa kiapo chake (mstari wa 8). Angalieni pia mstari wa 30: aliyeiona dhahabu akatoka mbio ni Labani, kaka yake. Jamaa walikuwa wamekwisha kumtoa, ni kweli. Lakini ilipofika habari ya kuondoka mara moja, walimwita msichana wakamwuliza mwenyewe, naye akajibu kwa kinywa chake (mistari 57-58).

Nasi twakiri kosa letu. Miaka iliyopita tulimwuliza binti mmoja kama amekubali kuolewa, baba zake wadogo na mshenga wakiwa wamekaa hapo. Aliinama, akanyamaza. Tukaandika ya kuwa amekubali, tukatangaza ndoa kanisani. Mwaka haukuisha akarudi kwa mama yake. Tulipomwendea alitwambia, “Baba Mchungaji, uliponiuliza, ng'ombe walikuwa wamekwisha kuingia zizini.” Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka hiari ya wote wawili, nasi twaijua, lakini hiari hatukuipa nafasi ya kusema.

Tangu siku ile twauliza kabla mahari haijatolewa, faragha, mama mmoja mzee wa kanisa akiwapo, na kijana naye twamwuliza vivyo hivyo. Asiye tayari hujibu siku nyingine. Binti mmoja alikataa. Wazazi walitununia miezi mitatu, lakini hapakuwa na mali ya kurudisha, na hao wawili waimba kwaya moja hata leo.

Na yule muuza mkaa tulimwambia amwulize binti mwenyewe, asiulize simu. Alirudi baada ya juma mbili. Binti amesema hajui bado. Aulizwe tena tumbaku ya baba yake ikiisha kuuzwa, maana sasa hana nafasi ya kufikiri.