Usalama wa majengo: Tusimsahau jirani

WAISLAMU wengi tukisikia neno ugaidi hunyamaza. Sababu inaeleweka: neno hilo limetumika mno kututia mashakani sisi na madrasa zetu. Lakini lipo somo moja ndani yake ambalo si la siasa, ni la ujenzi. Bomu halimuulizi mtu dini yake.

Turejee Ijumaa ya Agosti 7, 1998. Mjini Nairobi walikufa watu 213, na kati yao Wamarekani walikuwa 12 tu. Jengo la ubalozi wa Marekani, lililolengwa, lilibaki limesimama. Lililoporomoka ni la jirani, Ufundi House, lililokuwa na chuo cha makatibu muhtasi.

Kwa nini? Kwanza ni umbali. Nguvu ya mlipuko hupungua haraka kadiri unavyokuwa mbali nao. Tume ya Marekani ya mwaka 1985 ilikwisha shauri balozi zikae futi 100, yaani mita 30 hivi, kutoka barabarani. Ule wa Nairobi ulikuwa kwenye kona ya barabara zenye msongamano.

Pili ni vioo. Ulianza kusikika mlipuko mdogo na milio ya risasi. Watu maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia, bomu lenyewe likawakuta hapo. Wengi walipoteza macho. Kioo chenye utando wa plastiki hupasuka bila kutawanyika ovyo.

Tatu ni nguzo. Jengo lililosukwa vizuri kwa nondo likipoteza nguzo moja, mzigo huhamia kwenye nyingine, ghorofa zisiangukiane.

Dar es Salaam siku hiyohiyo walikufa watu 11. Lori la maji lililokuwa getini lilizuia gari la bomu lisisogee zaidi. Mita chache ziliokoa roho.

Mwaka 2003 Marekani ilifungua balozi mpya katika miji yote miwili, kwenye viwanja vipana. Ni haki yao kujilinda. Lakini soko, hospitali na msikiti haviwezi kununua umbali. Je, wanaovitumia waachwe hivihivi?

Nasema hapana, na si kila kinga ni ya gharama. Vizuizi vya zege huweka magari mbali na mlango. Na milango yenyewe ifunguke kwa nje. Ijumaa ya Machi 15, 2019, mjini Christchurch, New Zealand, Waislamu 51 waliuawa kwa risasi katika misikiti miwili. Katika msikiti wa Al Noor baadhi yao walikimbilia mlango wa dharura, haukufunguka.

Nimeswali Ijumaa katika misikiti ambayo mlango wa ubavuni hupigwa kufuli, eti kuzuia wezi wa viatu. Ndugu zangu wa kamati za misikiti, kiatu na roho kipi kina thamani? Ukitokea moto tu, bila gaidi yeyote, tutakanyagana mlango mmoja.

Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Tuanze na kufuli hilo Ijumaa hii.

Wabillahi tawfiq.