Mtoto wa Jicho Hangojwi Akomae

Katika vijiji vingi vya wilaya yetu, kuanzia Mgungira na Sepuka hadi Mungaa na Misughaa, si jambo geni kumwona mzee akiongozwa kwa fimbo, yeye ameshika ncha moja na mjukuu ameshika ya pili. Siku za shule, mjukuu huyo hayupo darasani. Wengi huchukulia kwamba uzee umefika na macho yamechoka. Hata hivyo, mara nyingi chanzo chake ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza kwa kusababisha upofu duniani na ambao una tiba.

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, ipo lenzi inayopitisha mwanga. Kwa kijana lenzi hiyo ni angavu kama ute wa yai bichi. Kadiri miaka inavyokwenda, protini zilizomo huanza kugandamana na lenzi hupata ukungu, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe ukipata moto. Yai lililoiva halirudi kuwa bichi, na lenzi iliyopata ukungu hairudi kuwa angavu. Ndiyo maana hakuna matone, vidonge, asali wala majani yanayoweza kuondoa mtoto wa jicho. Dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni zina hatari ya ziada: huweza kuunguza kioo cha mbele cha jicho na kuacha kovu, na jicho ambalo lingepona kwa upasuaji likapotea kabisa.

Umri ndiyo sababu kubwa, lakini si pekee. Kisukari, uvutaji wa tumbaku, matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi, na jeraha la kijiti au jiwe huweza kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana. Wapo pia watoto wanaozaliwa nao, hasa mama anapougua rubela katika miezi ya mwanzo ya ujauzito. Chanjo ya surua na rubela, inayotolewa kwa watoto nchini tangu mwaka 2014, inakinga dhidi ya hilo. Mzazi anayeona weupe katika mboni ya mtoto asisubiri hata wiki moja. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, na weupe huo huweza pia kuwa dalili ya saratani ya jicho.

Dalili kwa mtu mzima huja polepole na bila maumivu: kuona kama kupitia moshi, kusumbuliwa na mwanga mkali, rangi kufifia, kubadilisha miwani mara kwa mara bila nafuu. Jicho linalouma, lililo jekundu au linalotoa usaha lina tatizo jingine. Vikope, yaani trakoma, ni ugonjwa tofauti, na presha ya jicho pia. Tofauti hii ya mwisho ni muhimu sana, kwa sababu uoni ulioibwa na presha ya jicho haurudi. Mtu asijipime mwenyewe akaamua kuwa ana mtoto wa jicho.

Sasa tuje kwenye upasuaji wenyewe, ambao umezungukwa na hofu nyingi. Hofu iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba jicho hung'olewa, huoshwa, kisha hurudishwa. Jambo hilo halifanyiki popote. Mgonjwa mtu mzima kwa kawaida hubaki macho, jicho likiwa limetiwa ganzi. Daktari hutoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia mahali pake. Lenzi hiyo iliwekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1949 jijini London na Dk. Harold Ridley, aliyekuwa ameona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita vilikaa katika macho ya marubani bila kuyadhuru. Kabla ya hapo lenzi ilitolewa bila kuwekewa mbadala, ndipo wazee wa zamani wakavaa miwani minene kama vitako vya chupa.

Njia zinazotumika leo ni tatu. Ya kwanza, ya zamani, ni mkato mrefu unaoshonwa nyuzi, imepungua sana. Ya pili ni mkato mdogo wa milimita 6 au 7 unaojifunga wenyewe bila uzi. Ya tatu hutumia mashine inayovunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuinyonya kupitia tundu la milimita 2 au 3. Wapo wanaoamini kwamba bila mashine hakuna tiba ya maana. Utafiti wa Nepal uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha njia ya pili na ya tatu, na baada ya miezi sita wagonjwa wa pande zote mbili waliona vizuri kwa kiwango kinachokaribiana. Mashine huponyesha haraka zaidi, lakini gharama yake ni kubwa, na lenzi iliyokomaa sana huipa shida.

Ushauri wa kungoja mtoto wa jicho akomae ulikuwa na maana zamani. Leo unaleta hasara: lenzi iliyokomaa ni ngumu kutoa, huweza kuvimba na kupandisha presha ya jicho, na miaka ya kungoja ni miaka ya kuanguka, kuungua jikoni na kumtegemea mwingine kwenda hata chooni. Upasuaji hufanyika pale ukungu unapomzuia mtu kufanya kazi zake. Hapa lipo jambo linalotupasa kuliangalia majumbani mwetu. Tafiti, zikiwemo za mkoa wa Kilimanjaro, zimeonesha kuwa wanawake hupata upasuaji huu kwa kiwango kidogo kuliko wanaume. Bibi hana fedha mkononi, hana wa kumsindikiza, na hataki kuwasumbua wanawe. Wana ndio wanaopaswa kuanzisha mazungumzo.

Baada ya upasuaji, matone hutumika kwa wiki kadhaa kama daktari atakavyoelekeza. Mgonjwa asisugue jicho, asitwange, asibebe ndoo, akae mbali na moshi na vumbi. Jicho likiuma, likiwa jekundu au uoni ukipungua, arudi hospitali siku hiyohiyo. Miwani ya kusomea huenda ikahitajika.

Safari huanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, ambako mgonjwa hupewa rufaa kwenda hospitali yenye kitengo cha macho, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo ana haki ya msamaha wa matibabu. Aanze kwa Mtendaji wa Kijiji ili apate barua ya utambulisho, kisha amwone Afisa Ustawi wa Jamii. Aende na msindikizaji mmoja, kadi ya bima kama anayo, na dawa zote anazotumia, hasa za kisukari na shinikizo la damu.